Sura ya Tano: Behewa Linaloacha Njia

Behewa dogo likiacha njia kwenye kona, mkono wa mwenye treni huenda kwenye reli kwanza. Ataigonga, ataipinda, ataingiza kipande cha kadi chini yake, kisha atasukuma treni tena na behewa lile lile litaanguka pale pale. Kabla hujaigusa reli, hesabu. Kama mabehewa manne yanapita na moja linaanguka, reli haina kosa. Ligeuze behewa lako miguu juu. Kama yote yanaanguka mahali pamoja, hapo reli ina kesi ya kujibu, na mambo ya reli tuliyamaliza katika sura iliyopita. Sura hii ni ya behewa lenyewe, hasa gurudumu na kiungo, kwa kuwa shida nyingi huanzia hapo.

Treni ndogo za mitaa ya Eastlands, Nairobi, ni za namna mbili. Kuna treni ya mikebe: mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo umelazwa uwe tangi la mafuta, kopo la dagaa wa kusindikwa limekuwa behewa la mizigo, pakiti ya maziwa imekatwa madirisha ikawa behewa la abiria. Magurudumu yake ni vifuniko vya soda, au vipande vya mpira vilivyobaki kwa mafundi wa akala. Halafu kuna treni za plastiki zinazokuja na mitumba. Pale soko la Gikomba vitu vya watoto humwagwa juu ya turubai na kuuzwa kwa fungu, na mwenye jicho ataokota humo behewa zuri lililopoteza ekseli moja, au kichwa cha treni kisicho na mota. Zote mbili zinaumwa magonjwa yale yale na zinatibiwa kwa akili ile ile, tofauti ni vipimo tu.

Aliyewahi kuunda gari la waya, na wako wengi Jericho, Kaloleni na Dandora, huja kwenye treni na ujuzi mzuri, ila sehemu moja ya ujuzi huo humponza. Kwenye gari la waya kila gurudumu huzunguka peke yake. Ekseli imetulia, kifuniko kinacheza juu yake, na ncha ya waya imekunjwa ili kisichomoke. Gari likikata kona, gurudumu la nje hukimbia na la ndani hupunguza, na safari inaendelea. Treni haiko hivyo. Magurudumu mawili ya behewa halisi yameshindiliwa kwenye ekseli moja kwa nguvu ya mashine, na vyote huzunguka kama kitu kimoja. La kushoto likizunguka mara moja, la kulia nalo limezunguka mara moja, hata kwenye kona, ambako reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani.

Basi treni inakataje kona? Watu wengi watakujibu kwamba ule ukingo uliochomoza upande wa ndani wa gurudumu ndio unaolishika lisitoke. Ukingo una kazi yake, lakini ni mlinzi wa mwisho. Kazi kubwa inafanywa na uso wa gurudumu, ule unaogusa reli, kwa sababu uso huo haujalala bapa. Umeinama: karibu na ukingo gurudumu ni nene, na kadiri unavyokwenda nje ndivyo linavyopungua. Mwinamo unaojulikana zaidi kwenye reli za dunia ni 1 kwa 20, yaani ukisogea milimita 20 kwenda nje, nusu kipenyo kimepungua milimita 1. Treni ikiingia kwenye kona, ekseli yote husogea kidogo upande wa nje. Hapo gurudumu la nje hukanyaga reli kwa sehemu yake nene na la ndani kwa sehemu yake nyembamba. Mzunguko ni mmoja, ila la nje limekwenda mbali zaidi. Kona imekatwa, na ukingo haujagusa kitu.

Jambo hili ni rahisi kulithibitisha sebuleni. Chukua vikombe viwili vya plastiki, vile vya sherehe, vipana mdomoni na vyembamba kitakoni. Vibandike mdomo kwa mdomo kwa selotepu. Panga fito mbili zilizonyooka ziende sambamba, ziinamishe kidogo, kisha viachilie vikombe vibiringike juu yake. Hata ukivianzisha vikiwa vimesogea upande, vitayumba kushoto na kulia, vitarudi katikati na kufika chini salama. Vibandue sasa, uvibandike kitako kwa kitako, ujaribu tena. Vikielekea upande mmoja, havirudi tena. Vinazidi kwenda huko huko mpaka vianguke. Vikombe havina ukingo wowote. Ni umbo lake tu lililoviongoza mara ya kwanza, na umbo lake tu lililoviangusha mara ya pili.

Kifuniko cha soda kimelibeba umbo hilo tangu kiwandani. Kishike ukitazame kwa karibu: mgongo wake ni mwembamba kuliko mdomo, bega lake ni laini, na mdomoni kuna meno 21 yaliyopanuka nje. Ukikitia kwenye ekseli mdomo ukitazama ndani, kuelekea kifuniko mwenzake, tayari una gurudumu la reli. Bega laini ndilo litakalokanyaga reli, nayo meno yatakuwa ukingo. Ukikigeuza mdomo utazame nje, umetengeneza vile vikombe vilivyobandikwa kitako kwa kitako, na behewa lako litaanguka hata kwenye reli iliyonyooka kama rula. Nimeona treni za mikebe zilizohukumiwa kuwa mbovu ambazo zilipona dakika ile ile vifuniko vilipogeuzwa. Kama meno ni mafupi mno kushika, laza kifuniko mdomo chini juu ya chuma na ukigonge taratibu kuzunguka, meno yafunguke nje kidogo. Usikipige kwa hasira, kwa sababu bega likibonyea umepoteza gurudumu.

Tundu la katikati ndilo linaloharibu magurudumu mengi ya vifuniko. Likienda kando kidogo tu, gurudumu linachechemea: linapanda na kushuka kila likizunguka, na kwenye kona linapanda juu ya reli na kuondoka. Jicho halitoshi kupata katikati. Chora mzunguko wa kifuniko kwenye karatasi, ukate duara hilo, likunje mara mbili ili mikunjo ikatane, kisha lirudishe juu ya kifuniko na utoboe pale mikunjo inapokutana. Tumia msumari mwembamba, na uweke kifuniko juu ya upande uliokatwa wa kipande cha mbao, ili bati lisibonyee.

Ekseli nzuri kuliko zote kwa treni ya mikebe ni spoku ya baiskeli. Imenyooka, haipindi ovyo, na mafundi wa baiskeli huwa nazo zilizovunjika ambazo hawana kazi nazo. Tundu liwe dogo kuliko spoku, ili kifuniko kiingie kwa kubanwa. Baada ya hapo kiimarishe kwa lehemu au gundi kali. Kumbuka kwamba gurudumu lisizunguke juu ya spoku. Spoku ndiyo izunguke, ndani ya mrija uliofungwa chini ya behewa, na mrija wa biro uliokwisha wino unafaa ukichagua ule ambao spoku inazunguka ndani yake bila kusukumwa. Gundi ikiingia ndani ya mrija, tupa mrija huo utie mwingine, maana hakuna namna ya kuusafisha.

Halafu pima. Hapa nitakuwa mkali, kwa sababu hapa ndipo treni nyingi zinapofia. Magurudumu mawili ya ekseli moja yana umbali wake kati yao, na umbali huo lazima uwe sawa kwenye kila ekseli ya kila behewa. Yakikaribiana mno, ekseli inacheza kati ya reli, na pale njia zinapogawanyika ukingo unagonga kile kipande cha reli kinachopaswa kuuongoza. Yakiachana mno, ukingo umebanwa na reli pande zote mbili, na kwenye kona ya kwanza unapanda juu. Kwa treni ya mikebe kipimo ni chako mwenyewe: kama ulizitenganisha reli zako kwa milimita 60, kutoka uso wa nje wa ukingo mmoja hadi uso wa nje wa mwingine iwe kama 57, ekseli iwe na nafasi ya kupumua. Kata kipande cha bati au cha kadi ngumu kwa kipimo hicho na ukitumie kwa kila ekseli. Kwa treni za plastiki zinazotembea kwenye reli ya milimita 16.5, ambazo ndizo utakazozikuta zaidi kwenye mafungu ya mitumba, mgongo wa gurudumu moja hadi mgongo wa lingine unapaswa kuwa kama milimita 14.4. Kalipa ya bei nafuu inatosha kupima hilo. Kurekebisha, shika magurudumu kwa mikono miwili na uyasogeze huku ukiyazungusha. Ukiyavuta moja kwa moja yatakaa upande.

Ukiwa na kalipa mkononi, kuna hesabu nyingine inayostahili kufanywa na mtu wa Nairobi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na kufikia Ziwa Victoria 1901, ina upana wa mita moja. Treni za abiria zinazopita Makadara na Dandora zinatembea kwenye upana huo mpaka leo. Reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435. Ndiyo sababu treni ya Mombasa haiwezi kuendelea hadi stesheni ya zamani katikati ya jiji. Abiria hushuka Syokimau na kupanda nyingine. Sasa chukua kipimo cha 1 kwa 87, ambacho ndicho cha treni nyingi za plastiki kutoka Marekani na bara la Ulaya. Gawanya 1,435 kwa 87, unapata 16.5. Gawanya 1,000 kwa 87, unapata 11.5. Maana yake ni kwamba fungu lako la Gikomba linakutengenezea SGR kwa usahihi kamili, lakini anayetaka kuunda treni ya Makadara, au lile garimoshi kubwa la Mount Gelai lililoko Makumbusho ya Reli ya Nairobi, anahitaji reli ya milimita 12. Asijaribu kusukuma magurudumu ya 16.5 yakaribiane mpaka yaingie kwenye 12. Ekseli itabaki ndefu, itagusa ubavu wa behewa, na hakutakuwa na kitu kitakachozunguka. Aanze na ekseli mpya.

Jambo la umeme linawahusu wenye mota. Treni nyingi za plastiki zinapata umeme kutoka kwenye reli zenyewe, reli moja chanya na nyingine hasi. Kwa hiyo magurudumu ya chuma ya ekseli moja hayapaswi kuunganishwa na chuma. Upande mmoja huwa na kipete cha plastiki kati ya gurudumu na ekseli. Fundi mzuri wa magari ya waya akiona ekseli imevunjika, ataweka msumari. Msumari pamoja na magurudumu ya chuma huunganisha reli mbili moja kwa moja, treni inasimama, na kama kigeuzi cha umeme hakina kinga kinaungua. Ukitumia msumari, tumia magurudumu ya plastiki, au weka kipande cha mrija wa plastiki ndani ya tundu la gurudumu moja. Ukishamaliza, jaribu kwa mita ya fundi wa redio: gusa gurudumu moja, gusa la pili, na sindano isisogee.

Jinsi ya kujua gurudumu linasugua wapi ni hii. Paka uso wa gurudumu na ukingo wake wino wa maka nyeusi, acha ukauke, kisha zungusha behewa njia nzima mara kadhaa. Ligeuze uangalie. Kama wino umefutika katikati ya uso, gurudumu lina afya. Kama umefutika kwenye ukingo pande zote mbili, magurudumu yameachana mno. Ukifutika kwenye ukingo wa upande mmoja tu, ekseli imekaa mshazari chini ya behewa, na utakuta mrija au kishikizo cha upande mmoja kimesogea. Magurudumu makubwa yanaonyesha alama hiyo hiyo bila wino. Simama kwenye jukwaa la stesheni ya Makadara treni ikiwa imesimama na utazame gurudumu: utaona mkanda mwembamba unaong'aa, na pembeni yake kutu na vumbi la breki. Mkanda huo ni pale reli inapogusa. Uangalie ukiwa jukwaani, usishuke njiani.

Uchafu nao una sehemu yake. Magurudumu ya plastiki huokota vumbi na mafuta kwenye reli na kuyageuza ukoko mweusi, na ukoko ukiwa mnene upande mmoja gurudumu linachechemea kana kwamba tundu lake limetobolewa vibaya. Uondoe kwa spiriti na kijiti cha pamba. Usiutoe kwa kisu, kwa sababu mikwaruzo itaokota uchafu maradufu. Na tafadhali usitie mafuta ya kupikia kwenye ekseli. Siku ya kwanza gurudumu litateleza vizuri, lakini baada ya wiki kadhaa mafuta yatakuwa gundi iliyoshika vumbi lote la mtaa. Kwangua risasi ya penseli iwe unga, na utie unga huo pale ekseli inapozungukia. Hauvuti vumbi wala hauli plastiki.

Behewa refu lina vigari viwili vidogo chini yake, kila kimoja na ekseli mbili, ambavyo mafundi wa reli huviita boji. Boji hushikwa na skrubu moja katikati. Wengi hukaza skrubu zote mbili mpaka mwisho, kisha hushangaa behewa likiyumba. Kaza boji moja kiasi cha kuiruhusu igeuke kushoto na kulia bila kupepesuka. Ile ya pili iache legevu zaidi, iweze pia kuinama upande kidogo. Boji ya kwanza inalishika behewa lisimame wima, ya pili inafuata mabonde ya reli. Zote mbili zikikazwa, reli ikiwa na bonde dogo tu gurudumu moja linaning'inia hewani, na gurudumu linaloning'inia kwenye kona limekwisha kutoka.

Behewa jepesi nalo huanguka bila kosa la gurudumu. Chama cha waunda treni za mfano cha Marekani, NMRA, kiliweka kanuni ambayo kwa treni za 1 kwa 87 inakuwa hivi: gramu 28 kwa kuanzia, halafu gramu 14 kwa kila sentimita 2.5 za urefu wa behewa. Behewa la sentimita 15 basi liwe na kama gramu 112. Nati kuukuu kutoka kwa mafundi wa magari zinafaa kabisa, mradi uzibandike chini sakafuni. Uzito ukikaa juu, behewa litalala kwenye kona. Treni ya mikebe haihitaji mizani. Tia kokoto kidogo ndani ya kila mkebe, na mabehewa ya mbele yasiwe mepesi kuliko ya nyuma, kwa sababu treni ikivutwa kwenye kona behewa jepesi lililobanwa kati ya mazito hutupwa ndani ya kona.

Hapo tumefika kwenye kiungo.

Kwenye reli za Marekani za karne ya 19 mabehewa yaliunganishwa kwa kitanzi cha chuma na pini, na mtu alilazimika kusimama katikati ya mabehewa mawili yanayokuja ili aitumbukize pini. Wengi walipoteza vidole, na wengine maisha. Mwaka 1873 Eli Janney wa Virginia alipata hataza ya kiungo kinachojifunga chenyewe mabehewa yanapokutana, kama vidole vya mikono miwili vilivyokunjwa na kushikana, na mwaka 1893 Marekani ikapitisha sheria ya kulazimisha viungo vinavyojifunga. Janney alikuwa karani wa duka, na kiungo chake cha kwanza alikichonga kwa kisu katika mti. Vizazi vya kiungo hicho vinavuta mabehewa katika sehemu kubwa ya dunia hivi leo, na chanzo chake ni mfano wa mbao wa ukubwa wa kushikwa mkononi.

Ukiokota mabehewa matatu kwenye fungu moja la mitumba, usishangae yakikataa kushikana. La Marekani la miaka ya zamani lina ndoano ya plastiki yenye pembe, la Uingereza lina ndoano inayoshika kijiti kilicholala mbele ya behewa, la Ujerumani lina kitanzi kinachoinuka na kushuka. Hakuna kati ya hivyo kinachomjua mwenzake. Wenye fedha huagiza viungo vya Kadee, kampuni ya Marekani iliyopewa jina kutokana na herufi za ndugu wawili, Keith na Dale Edwards, na kuvifunga kwenye kila behewa. Ni viungo vizuri, vinafanana na vya Janney na vinaachana kwa sumaku. Lakini kwa mtu wa Maringo au Kayole ninashauri waya, na sisemi hivyo kwa kukosa kilicho bora. Kata viungo vyote vya asili. Kwa kila behewa tengeneza ndoano mwisho mmoja na kitanzi mwisho wa pili, mabehewa yote yakielekea upande mmoja. Kwa plastiki tumia waya wa klipu ya karatasi. Kwa mikebe tumia waya wa hanga. Ule waya laini wa kufungia nondo haufai, unanyooka treni ikivutwa. Jioni moja ya kazi, na mabehewa ya nchi tatu yanatembea pamoja.

Urefu wa kiungo kutoka juu ya reli ndio unaoamua kama yatabaki pamoja. Behewa moja likiwa na ndoano juu na la pili chini, zitashikana kwenye meza, halafu reli itakapopanda kidogo moja itateleza juu ya nyingine na nusu ya treni itabaki nyuma. Kiungo cha Kadee kwa 1 kwa 87 kina katikati yake milimita 9.9 juu ya reli. Wewe chagua kipimo chako, ila kiwe kimoja. Funga kipande cha mbao kwenye reli, upigilie ndoano moja kwa urefu unaoutaka, na kila behewa liletwe mbele ya ndoano hiyo kabla halijaruhusiwa safarini. Likiwa chini, ingiza washa kati ya boji na behewa. Washa nzuri inakatwa kutoka kifuniko bapa cha mkebe wa mafuta ya Kasuku. Likiwa juu, usikunje kiungo kishuke, kwa sababu kitainama siku zote kikivutwa. Punguza kwa tupa pale boji inapokalia.

Kiungo pia lazima kicheze kushoto na kulia. Ndoano iliyogandishwa kwa gundi husukuma ncha ya behewa nje ya kona, na utalaumu gurudumu bure. Urefu wa waya nao upime kwenye kona kali kuliko zote ulizo nazo: weka mabehewa mawili pale, uyasogeze mpaka pembe zake zikaribie kugusana, uongeze milimita chache, na hicho ndicho kipimo. Waya mrefu kupita hapo unafanya treni ivute kwa mishtuko.

Swali lililobaki ni kama kiungo kifungwe kwenye boji au kwenye sakafu ya behewa. Viwanda vingi vya vitu vya watoto hufunga kwenye boji, kwa sababu hapo kona kali inapita kwa urahisi. Treni ikivutwa mbele, hakuna tatizo. Irudishe nyuma uone. Nguvu ya kusukuma inapita kwenye boji, boji inageuka mshazari, na mabehewa ya katikati yanatoka yakifuatana. Kama unataka treni inayoweza kupanga mabehewa, kuyasukuma kwenye njia ya pembeni na kuyachukua tena, funga viungo kwenye sakafu, na ukubali kupanua kona zako. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi sahihi kila nafasi inaporuhusu, maana raha kubwa ya treni ndogo iko kwenye kupanga mabehewa, siyo kwenye kuzunguka duara.

Basi jaribio la kulipitisha behewa ni moja. Litie katikati ya treni, mbele yake zito na nyuma yake zito, kisha usukume treni yote kinyumenyume kupitia kona kali na makutano yote ya reli. Behewa linalopita hapo magurudumu yake yamekaa sawa na kiungo chake kiko kwenye kimo chake. Lisilopita lirudi mezani, na uanze tena na kalipa.

Neno moja kwa wanaokaa karibu na reli. Muthurwa, Landi Mawe na Makongeni ni mitaa iliyojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na baadhi ya waliofanya kazi ya mabehewa ya kweli, kupima ekseli na kubadilisha viungo, bado wanaishi Eastlands wakiwa wamestaafu. Ukimjua mzee wa namna hiyo, mwendee na behewa lako linaloacha njia, hata kama ni la mkebe. Mpe aligeuze mwenyewe. Atakachokuonyesha hakimo kwenye kitabu hiki, na inafaa ukiandike.